Fangio alitekwa. Na wale wengine?

Wasomaji wangu, nimepotea wiki tatu nzima. Sikuumwa, wala sikupata mchumba kama wengine mlivyonitumia ujumbe wa kunitania. Nilikwama kwenye habari ya maneno 150. Najua mtacheka. Mtu aliyesomea kazi hii miaka mitatu chuo kikuu anakwamaje kwenye maneno 150? Tulieni niwaeleze.

Gazetini kwetu, ukurasa wa michezo wa Jumapili una kisanduku kidogo pembeni kinachoitwa "Siku kama ya leo". Hakuna anayegombea kukiandika. Anapewa aliye mdogo kuliko wote kwenye dawati, na kwa sasa mdogo ni mimi. Kazi yenyewe ni kutafuta jambo la zamani la michezo lililotokea tarehe hiyo, kulifupisha, kuweka picha ya ukubwa wa stempu, basi. Mwezi wa pili niliangukiwa na tarehe 23, na nilipolipata jambo la siku hiyo karibu nipige kelele pale ofisini. Tarehe 23 Februari 1958, jijini Havana, Cuba, bingwa wa dunia wa mbio za magari, Juan Manuel Fangio wa Argentina, alitekwa nyara hotelini usiku wa kuamkia mashindano. Alitekwa na wapinzani wa serikali. Jamani, kisanduku gani kimewahi kupata bahati kama hiyo?

Nikaandika haraka haraka. Fangio, bastola, hoteli, Batista, Fidel Castro. Mwishoni, nafasi ilipobaki kidogo, nikapachika sentensi moja: kwamba mbio zenyewe zilisimamishwa mapema baada ya gari moja kuwavamia watazamaji na kuua watu saba.

Tunaye mzee mmoja msahihishaji, amefanya kazi magazetini tangu enzi za herufi za risasi. Vijana wote tunamwita Babu. Babu hasahihishi kwenye kompyuta, anachapisha kurasa zote na kukaa nazo na kalamu nyekundu. Akaniita.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Hawa saba ni kina nani?"

Nikamwambia ni watazamaji tu, na hiki ni kisanduku kidogo.

"Sikukuuliza ukubwa wa kisanduku, mjukuu wangu," akasema, akaendelea na kurasa zake.

Hapo ndipo nilipoanza kukwama. Lakini ngoja kwanza nieleze mbio zenyewe, maana sisi wa huku tukisikia mashindano ya magari akili inakimbilia Safari Rally, vumbi na matope tangu mwaka 1953. Zile za Havana zilikuwa kitu kingine. Zilikimbiwa katikati ya jiji, kwenye barabara ya pwani inayoitwa Malecón. Wakazi wa Dar, ifikirieni Ocean Road, hiyo ambayo sasa ni Barack Obama Drive: upande mmoja bahari na ukuta wake, upande mwingine majengo, kisha fikirieni magari ya Ferrari na Maserati yanapita hapo kwa mwendo wa kutisha na watu wamesimama pembeni kama wanaosubiri daladala.

Pia hazikuwa za kuhesabiwa kwenye ubingwa wa dunia. Miaka ile ya 1950 mbio za ubingwa zilikuwa chache kwa mwaka, na madereva waliishi kwa mashindano mengi ya pembeni ambayo hayakuwa na pointi lakini yalikuwa na fedha. Mji wowote wenye barabara ya lami na kiongozi anayependa kusifiwa uliweza kufunga mitaa yake kwa siku mbili tatu, ukapanga marobota ya nyasi kwenye kona, ukawalipa mabingwa ili waje, ukaziita mbio hizo Grand Prix. Sherehe ikiisha marobota yanaondolewa na mabasi yanarudi barabarani. Hakuna uwanja uliojengwa kwa ajili ya magari, na hakuna ukuta uliojengwa kwa ajili ya watu.

Kiongozi wa Cuba aliyependa kusifiwa alikuwa Fulgencio Batista. Alichukua nchi kwa mapinduzi Machi 1952. Havana ikawa mahali pa Wamarekani kuja kucheza kamari na kustarehe. Desemba 1957 tu ilikuwa imefunguliwa Hotel Riviera na kasino yake, mali ya Meyer Lansky, yule bwana mkubwa wa genge la Marekani. Mbio za magari zilikuwa tangazo la biashara hiyo. Ujumbe wake ulikuwa: njooni, nchi imetulia. Mbio za kwanza zilifanyika Februari 1957 na Fangio akashinda kwa Maserati. Kwa hiyo mwaka 1958 akaitwa tena.

Lakini nchi haikuwa imetulia. Castro na wapiganaji wake walikuwa milima ya Sierra Maestra, na ndani ya Havana kulikuwa na vijana wa kundi lao, Harakati ya Tarehe 26 Julai. Vijana hawa walijua kazi yetu ya habari kuliko baadhi yetu tunaolipwa mshahara. Waandishi wa dunia nzima walikuwa wamekwisha kuletwa Havana kwa gharama ya Batista, wamekaa mahotelini na kalamu zao. Kilichokosekana ni stori tu.

Jumapili ile ya tarehe 23, muda mfupi kabla ya saa tatu usiku, Fangio alikuwa mapokezi ya Hotel Lincoln akiongea na wenzake. Akaingia kijana aliyevaa koti la ngozi, akatoa bastola. Fangio akadhani ni utani. Haukuwa utani. Alitolewa nje, akaingizwa kwenye gari, akahamishwa nyumba moja hadi nyingine. Aliyeandaa mpango aliitwa Oscar Lucero. Aliyeshika bastola ni Manuel Uziel. Waliomteka walimwomba radhi, wakamlisha vizuri, wakamweleza kwa nini wanafanya vile. Polisi wa Batista waligeuza jiji juu chini wasimwone.

Fangio wakati huo alikuwa na miaka 46. Fundi wa gereji kutoka mji mdogo wa Balcarce ambaye alikuwa amechukua ubingwa wa dunia mara tano: 1951, 1954, 1955, 1956 na 1957. Kumteka yeye ilikuwa kama leo mtu amteke Messi siku moja kabla ya fainali.

Batista akaamua mbio ziendelee. Tarehe 24 Februari ilikuwa sikukuu, kumbukumbu ya kuanza kwa vita vya uhuru mwaka 1895, na umati ulikuwa mkubwa sana. Mbio zilicheleweshwa huku bingwa akitafutwa. Hakupatikana. Maserati yake akapewa Mfaransa Maurice Trintignant, na bendera ikashushwa.

Hazikufika hata mizunguko kumi. Gari moja, Porsche ya Roberto Mieres, lilikuwa linavuja oili na kuimwaga barabarani. Wengi walipoona utelezi ule walidhani ni kazi ya wapinzani, lakini ilikuwa oili ya injini tu. Dereva Mcuba, Armando García Cifuentes, akiwa kwenye Ferrari ya njano, akateleza akaingia moja kwa moja kwenye watu, karibu na ubalozi wa Marekani. Kama watu 40 walijeruhiwa. Waliokufa, vitabu vingine vinasema 6, vingine vinasema 7.

Hapo mimi ndipo niliposimama. Sita au saba. Tumejua saa aliyotekwa Fangio. Tumejua koti la kijana aliyemteka limeshonwa kwa kitu gani. Lakini mtu mzima, mwenye mama yake, yumo au hayumo kutegemea na kitabu ulichofungua.

Na dunia iliendelea kuandika mengine. Ipo kwa mfano stori ya mwisho wa mbio hizo, tamu kwelikweli, na mimi mwenyewe nilitaka kuiweka kwenye kisanduku. Bendera nyekundu ilipopeperushwa kwa ajili ya ajali, Mmarekani Masten Gregory aliyekuwa anaongoza akapunguza mwendo. Nyuma yake alikuwa Stirling Moss wa Uingereza. Karibu na mstari wa kumalizia Moss akakanyaga mafuta, akampita, akahesabiwa mshindi. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa kanuni bendera nyekundu ina nguvu pale mstarini tu, mkononi mwa mkuu wa mashindano, si kwingine. Gregory alipokasirika wakaelewana kugawana fedha za zawadi. Moss aliisimulia miaka mingi akicheka, mpaka alipofariki mwaka 2020. Simlaumu. Dereva anaona barabara iliyo mbele yake. Lakini nilipoisoma mara ya pili nikapiga hesabu: wakati wale wawili wanapitana mstarini, watu walikuwa bado wanatolewa chini ya lile gari la njano.

Fangio huko alikofichwa alipewa nafasi ya kufuatilia habari kwa redio na televisheni, akasikia kilichotokea. Baada ya zaidi ya saa 24 waliomteka wakamkabidhi salama kwa watu wa ubalozi wa Argentina, kwa sababu waliogopa polisi wa Batista wangemuua halafu wao wasingiziwe. Balozi mwenyewe, Raúl Lynch, alikuwa ndugu wa ukoo wa Che Guevara. Ndiyo, Che huyohuyo aliyepita Dar es Salaam na Kigoma mwaka 1965 akielekea Congo na kujiita kwa Kiswahili Tatu. Dunia ndogo hii. Fangio hakutaka kuwatambulisha waliomteka, na alisema walimtendea vizuri. Mwaka huohuo 1958, baada ya mbio za Ufaransa mwezi Julai, akastaafu. Mwaka 1981 alirudi Cuba kwa shughuli za Mercedes-Benz na akakutana na baadhi ya watu waliokuwa kwenye mpango ule. Wakasalimiana kama marafiki. Lucero hakuwepo, alikamatwa mwaka 1958, akateswa, akauawa. Hotel Lincoln iliwekewa kibao cha kumbukumbu. Mwaka 1999 ikatoka filamu.

Nimesoma nilichoweza kukipata, Kiingereza, na Kihispania kwa msaada wa programu ya kutafsiri. Jina la aliyeshika bastola lipo. Jina la ambaye gari lake lilivuja oili lipo. Rangi ya gari lililoua ipo. Waliokufa, katika yote niliyosoma, wanaitwa watazamaji.

Wala Havana haikuwa peke yake. Juni 1955 kule Le Mans, Ufaransa, Mercedes ya Pierre Levegh ilirukia umati na zaidi ya watu 80 wakafa. Fangio alikuwa nyuma yake, akapenya. Mei 1957, kwenye mbio za Mille Miglia nchini Italia, Ferrari ya Alfonso de Portago ilipasuka tairi, ikamuua yeye, mwenzake aliyekuwa naye garini, na watazamaji 9, watano kati yao watoto. Huyo de Portago alikuwa ameshindana na Fangio pale Malecón Februari ya mwaka huohuo. Baada ya Le Mans, Uswisi ilipiga marufuku mbio za magari za mzunguko. Baada ya Mille Miglia, Italia ilizifuta mbio zile. Kwa hiyo wakati watu wa Havana wanaambiwa wasogee karibu na barabara Februari 1958, hakuna aliyekuwa hajui. Nani angekumbuka kuweka vizuizi? Walioandaa walikuwa wanaogopa mtekaji, hawakuogopa kona.

Jumamosi jioni nikampelekea mhariri kisanduku kipya. Nilikuwa nimepunguza bastola na koti, nimeongeza sentensi tatu za waliokufa. Kikapita. Saa mbili usiku likaingia tangazo la nusu ukurasa. Mnaofanya kazi hii mnajua kinachofuata. Kisanduku kikakatwa kutoka chini, kama kawaida, na chini ndiko nilikowaweka watu wa Havana. Jumapili gazeti likatoka na Fangio, bastola na picha ya ukubwa wa stempu. Babu hakusema kitu. Afadhali angesema.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nakwepa kufika tangu aya ya kwanza.

Mwaka juzi nilitumwa mkoa wa Pwani kuandika mashindano ya magari. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kulipwa posho. Nilikuwa na kitambulisho shingoni, maji ya chupa ya bure, na nafasi kwenye gari la waandishi. Kwenye kona moja ya kijijini gari moja lilitoka nje ya barabara, likamkumba mama aliyekuwa amekaa na meza yake ya mihogo ya kukaanga. Tulipita pale nusu saa baadaye. Niliiona meza imelala, niliona mihogo imetapakaa na kuku wanadonoa. Watu walisema mama amepelekwa hospitali, mguu umevunjika. Nikauliza jina, kijana mmoja akasema "huyu mama wa hapa". Dereva wetu akapiga honi. Nikaondoka.

Niliandika maneno 600. Mshindi, muda wake, gari lake, alivyomshukuru mke wake. Aya ya mwisho: "Katika mashindano hayo mtazamaji mmoja alijeruhiwa." Hakuna mhariri aliyenikata. Hakuna tangazo lililoingia. Niliiandika hivyo mimi mwenyewe. Na hata hakuwa mtazamaji, alikuwa anauza mihogo.

Jumamosi iliyofuata baada ya kisanduku nikapanda basi. Mpaka nashuka stendi nilikuwa sijui nitamwambia nini. Nikachukua bodaboda, nikamweleza kijana ile kona, akanipeleka bila kuuliza, wanaijua. Mama yupo. Meza ameihamisha, sasa iko chini ya mwembe, hatua kama thelathini kutoka barabarani. Anatembea kwa fimbo. Nilimwamkia, nikajitambulisha kwamba mimi ni mwandishi wa habari na siku ile nilikuwepo.

"Ulikuwepo? Mbona sikukuona?"

Nikamwambia nilipita baadaye.

Akanikaribisha benchi. Akasema asubuhi ile walikuja watu na gari la vipaza sauti wakawaambia wakae mbali na barabara, yeye akakaa mbali. Alivyoona yeye palikuwa mbali. Magari mengi yakapita, watoto wakashangilia, wakadhani yamekwisha. Alikaa hospitali wiki sita. Waandaaji walilipa siku za mwanzo, kisha simu zao zikawa hazipatikani. Binti yake aliacha kushona, akaja kukaa mezani mpaka mama alipoweza kusimama. Alisema yote haya huku anageuza mihogo kwenye karai, bila kupandisha sauti, kama anayesimulia ya jirani.

Nilimweleza kuhusu Havana. Sijui kwa nini. Nilimwambia zamani sana, nchi ya mbali, gari liliingia kwenye watu hivihivi, na majina yao sijayaona popote. Akaacha karai.

"Na ndugu zao hawakwenda gazetini?"

Nikasema sijui mama yangu.

Nikamuuliza kama anaruhusu niandike jina lake, safari hii kamili, na la baba yake. Akafikiri. Akasema niandike hadithi, lakini jina niliache kwanza, mpaka aongee na kaka yake, maana ile kesi ya kudai fidia bado wanaizungusha na mwanasheria amewaambia wasiseme ovyo. Kwa hiyo mnaona, hata hapa leo bado ni "mama mmoja". Namba yake ninayo. Kaka yake akikubali, mtalisoma jina hapa kabla ya gazetini.

Nilinunua mihogo ya elfu mbili. Akaniongezea viwili na pilipili nyingi, akanifungia kwenye gazeti, la kampuni nyingine nashukuru. Wakati bodaboda ananisubiri, mama akakumbuka kitu.

"Hivi siku ile alishinda nani?"

Nikafungua mdomo kujibu. Maneno 600 niliyoandika kwa mkono wangu, na jina halikuja. Ilibidi nitoe simu nitafute.